Kwaresima ya Mkate

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Padri aliponipaka majivu kwenye paji la uso, yaliwasha kama pilipili. Nilikunja ngumi ndani ya mikono ya kanzu nikangoja misa iishe. Sista Kavindu, mlezi wetu, alinitazama akaridhika. Nadhani alidhani ni toba.

Sisi wanovisi, tunaojifunza usista, tuko wanne katika nyumba hii ya masista, huku juu kilimani Katelembo. Mwezi wa nane mimi na Ann tutaweka nadhiri zetu za kwanza. Mpaka hapo hatutoki getini bila ruhusa, simu tunapiga Jumapili ya mwisho wa mwezi, na kazi hatuchagui. Leo majina yamesomwa baada ya chakula: chumba cha hostia, Ann na Syokau. Masista wetu ndio huokea hostia, ile mikate myembamba ya komunyo, parokia nyingi za upande huu. Kuanzia leo mpaka Pasaka mashine haipoi.

Ijumaa, 20 Februari

Siku ya kufunga. Asubuhi mkate na chai ya rangi. Jioni mkate na chai ya rangi. Uso unawasha.

Jumanne, 24 Februari

Hostia ni unga wa ngano na maji, basi. Unakoroga uji mwepesi, unamimina kwenye chuma cha moto, unafunika na kile cha juu, mvuke unakurukia usoni. Ukifungua unatoa karatasi nyeupe pana yenye msalaba. Ann anakata vile vya mviringo, na mabaki ya pembeni anayatupa kwenye beseni. Mabaki hayajabarikiwa, ni chakula tu, na kila anayepita anachota kiganja. Mimi pia. Yakiwa bado na joto ni matamu kuliko biskuti.

Jioni nikipangusa uso, kitambaa kinatoka cheupe kwa vumbi la unga, halafu kina alama za damu mahali nilipojikuna. Ni kando ya pua, kuzunguka mdomo, na kwenye kope. Wanovisi hatuna kioo. Uso wangu naujua kwa vidole na kwa macho ya watu.

Ijumaa, 27 Februari

Mkate na chai ya rangi. Jicho la kushoto lilikataa kufunguka mpaka nilipoliosha kwa maji ya uvuguvugu. Ann alinishika mkono nje ya kikanisa.

"Syokau, niambie tu ukweli. Ni krimu gani hiyo?"

"Sipaki krimu."

"Dada yangu alijichubua akawa hivyo hivyo. Mimi sitasema kwa mtu."

Kumbe alishasema. Wakati wa chakula cha mchana, masista wawili wazee wasiofunga walihamisha macho nilipowapelekea sahani.

Jumatatu, 2 Machi

Sista Kavindu alikuja chumbani kwetu baada ya masomo. Hakufoka, yeye hafoki. Alisema, "Mwanangu, fungua kabati lako." Akatoa nguo moja moja, akazikung'uta, akazikunja upya vizuri kuliko nilivyozikunja mimi. Alipata mafuta ya mgando, sabuni ya kipande na picha ya Mama akiwa mbele ya nyumba yetu Kangundo. Akanusa yale mafuta.

"Ni haya tu?"

"Ni hayo tu, Sista."

"Uso wa mnovisi ni uso wa nyumba hii. Wageni wanaanza kuuliza." Akarudisha picha ya Mama mahali pake. "Kama roho ina shida, mwili hutangulia kusema. Ombea hilo."

Nimeliombea. Nimeomba uso upone upesi, kwa sababu kuna msichana aliyerudishwa kwao mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua tu. Walisema maisha haya yanataka mtu mwenye afya. Nikirudishwa mimi, Mama atajificha wapi? Siku niliyoondoka walisimamisha hema, kwaya ikaimba, kigango kizima cha kanisa letu kikala. Mpaka leo sokoni wanamwita Mama Sista.

Alhamisi, 5 Machi

Tumbo limejaa hewa. Uso vile vile.

Jumapili, 8 Machi

Siku ya wageni. Mama alikuja na maparachichi kwenye kiondo na salamu za watu wengi kiasi kwamba alikuwa amezikariri kwa vikundi. Aliponiona hakumaliza hata kikundi cha kwanza.

"Aiya! Mwana wakwa, mwanangu, umefanya nini na uso?"

"Ni vipele tu, Mwaitu." Ndivyo tunavyomwita Mama nyumbani.

"Hivi si vipele." Aliugusa uso wangu kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akipima homa nikiwa mdogo. Nilitaka kuulaza uso pale nibaki. Halafu akatazama pembeni kama kuna mtu anasikia. "Wanakulisha?"

"Nakula."

"Kuna mtu amekukosea?"

"Hapana."

Tulikaa kwenye benchi la wageni, magunia mawili ya unga yakipita mbele yetu kwa mkokoteni. Mama alishusha sauti. "Sikiliza. Vumilia hapa hapa. Usije nyumbani na uso huu, nakuomba. Watasema ni ule ugonjwa. Watasema umefukuzwa. Vumilia upone."

Nikasema ndiyo. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka getini. Mlinzi akafunga, na Mama akapunga mkono akiwa upande wa pili wa vyuma. Kwa mara ya kwanza nilijiuliza, kama Mama mwenyewe ameniambia nisirudi, basi mimi niko wapi?

Alhamisi, 12 Machi

Asubuhi macho yote mawili yalikuwa yamefunga. Sista Kavindu mwenyewe aliendesha pikapu mpaka hospitali mjini.

Kwenye foleni nilikaa karibu na msichana wa rika langu, amevaa ndala za kijani, akicheka kwenye simu: alikuwa anamwambia mtu hatakuja, amebadilisha mawazo, basi. Akakata simu akaendelea kula njugu zake. Nilimtazama sana, mpaka akaniuliza, "Sista, unataka?" Nikakataa. Foleni ilikuwa ndefu na nilifurahi ni ndefu. Halafu likanijia wazo, wazi kama mtu amelisema sikioni: natumaini daktari atasema huyu apelekwe nyumbani. Niliogopa nikaanza rozari.

Daktari Mwendwa ni mwanamke mwembamba anayesikiliza huku amefumba macho. Aliniuliza nakula nini asubuhi.

"Mkate."

"Na siku za kufunga?"

"Mkate peke yake."

"Kazi yako?"

"Naoka hostia."

Akafumbua macho. "Kwa hivyo unga unaula, unga unaupumua, na unga unakuangukia usoni."

Sista Kavindu akasema, "Daktari, masista wetu wameoka hostia miaka mingi. Hakuna aliyeharibika uso."

"Hao ni wao. Miili haifanani." Akanigeukia. "Sisemi bado kwamba ni ngano. Watu wanakuja hapa wameacha maziwa, wameacha mayai, wameacha nyama, wamebaki mifupa, kumbe shida ni sabuni. Tutapima damu leo. Halafu uache ngano kabisa, yaani mkate, chapati, mandazi, tambi, na mchuzi uliotiwa unga. Vingine vyote kula kama kawaida, ndiyo tujue. Uso ukitulia, tutakujaribu na kidogo hapa hapa mbele yangu. Usijijaribu mwenyewe. Na atoke kwenye hicho chumba."

"Na hostia?" Sista Kavindu aliuliza. "Ile ya komunyo?"

"Ni ngano?"

"Ni ngano tupu."

"Hiyo mtaongea na padri wenu. Lakini ngozi haijui kama kitu kimebarikiwa."

Tulipofika getini Sista alisema, "Kabla ya Pasaka siwezi kumwacha Ann peke yake. Utakuwa chumba cha pili, unafunga pakiti. Funika pua na kitambaa." Halafu akaongeza, akitazama mbele, "Nitamwambia mpishi akuchemshie viazi vitamu."

Jumapili, 15 Machi

Wote walisimama kupokea komunyo. Mimi nilibaki nimekaa. Benchi lote tupu, mimi katikati. Kwetu, asiyepokea ana dhambi kubwa, na kila mtu anaanza kukisia ni ipi.

Jumanne, 17 Machi

Mvua imeanza jana usiku na haijapumua. Stima zimepotea, tumewasha gesi. Hostia hazikauki, zinajikunja kama majani. Barabara ya kushuka imekatika kwenye daraja dogo. Hakuna anayeingia wala kutoka.

Alhamisi, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Kulikuwa na keki. Mimi viazi vitamu. Kope zimeshuka.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua. Viazi. Sijajikuna tangu juzi.

Jumanne, 24 Machi

Ann alikuja chumba cha pili, akasimama mlangoni na unga mpaka kwenye nyusi.

"Mashavu yako yamerudi," alisema. Halafu, "Ile maneno ya krimu ni mimi nilisema. Pole."

Nikamwambia imeisha. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akanyoosha miguu. Nilikuwa namwona Ann kama mtu wa kuchongea. Kumbe amechoka tu. Anafanya kazi ya watu wawili tangu nitolewe, na hajalalamika. Nikamuuliza kama huwa hachoki na hapa.

"Nachoka. Lakini nikichoka, nachokea kwangu." Alisema bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Nilibaki na lile neno siku nzima. Mimi huwa nachokea wapi?

Jumatano, 25 Machi

Leo Sista Kavindu aliniita ofisini, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu mpaka meno yakaonekana.

Majibu ya damu yalikuja kwa simu. Ugonjwa mkubwa wa utumbo unaoletwa na ngano sina, lakini daktari ameambiwa jinsi uso ulivyotulia na, hata kabla ya lile jaribio, anaamini mwili wangu haupatani na ngano. Sista alikuwa amezunguka kila mahali kwa ajili yangu. Alimwendea padri, na padri akasema mtu kama mimi anaweza kupokea kwa divai peke yake. Amenitafutia kikombe changu kidogo, kisichochanganyika na vipande vya hostia. Alimwendea Mama Mkuu wa shirika, na Mama Mkuu amekubali niwe na sufuria yangu jikoni. Yote hayo aliyafanya kwenye mvua, akivuka lile daraja kwa miguu, kanzu ameipandisha kwa mkono.

"Kwa hivyo hakuna kizuizi tena," alisema. "Nadhiri ni mwezi wa nane. Nimeshamwambia mama yako ajiandae."

Nilisema asante. Nilipiga magoti akanibariki. Na nilipokuwa pale chini, nikitazama viatu vyake vya mpira vyenye matope, nilihisi kama mtu aliyesikia kufuli likibanwa. Wiki zote hizi nilidhani naogopa kurudishwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nautegemea uso. Uso ungesema kwa niaba yangu, na hakuna ambaye angenilaumu, hata Mama. Sasa uso umenyamaza.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Nimepokea kwa kikombe. Sista Kavindu alinitazama kutoka benchi la nyuma kama mama anayemtazama mtoto akitembea hatua za kwanza. Ningekuwa na mlezi mkali ningejua la kufanya.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Leo ilikuwa siku ya simu. Nilimwambia Mama uso umetulia. Akapiga vigelegele kwenye simu. Amekwisha kununua kitambaa cha sare ya akina mama wa kigango kwa ajili ya Agosti. Cha samawati. Nilitaka kusema jambo, lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni na mbele yangu kulikuwa na kile kitambaa.

Jumatatu, 30 Machi

Nimekula mabaki.

Ann alikuwa ameenda kuchota maji. Beseni lilikuwa limejaa. Nilikula kiganja kimoja, nikangoja, nikala kingine, na kingine, bila njaa, bila hata kuhisi ladha. Nilisukumia na maji.

Jumanne, 31 Machi

Tena. Na mkate wa masista wazee niliookota kwenye sahani nikiosha vyombo.

Jumatano, 1 Aprili

Inaanza pembeni mwa mdomo. Nilipohisi ule muwasho nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha nililia, kwa sababu unauma kweli.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Uso wote. Sista Kavindu aliniona kwenye mwanga wa kikanisa akaweka mkono mdomoni. Alinitoa nje katikati ya wimbo.

"Ni mimi," alisema. "Daktari alisema nikutoe, nikakuacha kwenye pakiti kwa sababu ya maagizo ya Pasaka. Ni mimi nimekufanyia hivi." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyapangusa. Huyu ndiye aliyenusa mafuta yangu. "Nisamehe, mwanangu."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa umevimba lakini ulikuwa unafunguka. Nikasema, "Si kosa lako, Sista," na yeye akaona ni upole wangu, akanikumbatia.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Sijaenda Njia ya Msalaba. Nimelazwa chumba cha wagonjwa, kitambaa cha maji baridi usoni. Mvua imepiga mabati mchana kutwa. Ann alileta uji wa wimbi. Aliweka bakuli chini, akafunga mlango.

"Nilikuona Jumatatu," alisema. "Nilikuwa nimesahau ndoo nikarudi. Ulikuwa unakula kama mtu anakunywa dawa ya panya."

Nikageukia ukuta.

"Sista Kavindu amefunga kula tangu jana kwa sababu yako. Hata maji anakunywa kwa shida. Anasema ni malipizi."

"Sikujua."

"Syokau, kama unataka kuenda, enda. Hii nyumba si jela. Geti linafungwa kwa sababu ya wezi."

"Wewe hujui kwetu. Hujui Mama."

"Sijui. Lakini utakula ngano mpaka lini? Utajichoma uso mpaka uzeeke ndiyo mtu akuonee huruma akufungulie?" Aliinua kijiko akanipa. "Mimi sitasema. Mara ile nilisema na haikusaidia. Kunywa uji."

Nilikunywa. Ulinichoma midomo.

Pasaka, 5 Aprili

Kengele, vigelegele, nyama. Nilikuwa dirishani. Sista Kavindu alikula vijiko vitatu.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Nilibisha ofisini kwake kabla sijapata muda wa kufikiria. Alinitolea kiti. Nilibaki nimesimama.

"Sista, niliila mwenyewe. Ngano. Makusudi. Siku mbili."

Alikunja paji la uso kama mtu asiyesikia vizuri. "Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilitaka uso uharibike mnirudishe nyumbani. Sitaki kuweka nadhiri. Nilishindwa kusema."

Nilisikia mfereji wa mvua ukimwagika kwenye pipa nje. Nilidhani atasema kuhusu uongo, au kuhusu hostia, au kuhusu lile daraja alilovuka kwa miguu. Alitazama mikono yake.

"Tangu lini hutaki?"

"Sijui. Nilijua hospitalini. Labda kabla."

"Na mimi nilikuwa nakutafutia kikombe." Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo liliniumiza zaidi ya muwasho wote. Kisha akanyanyuka, akaja karibu, akaushika uso wangu kwa kidevu na kuugeuza kwenye mwanga, upande huu, upande ule, kama daktari.

"Siwezi kukuruhusu uondoke hivi," alisema. "Ukitoka na uso huu, watu watasema tumekufukuza kwa ugonjwa, na wewe utawaacha waseme. Utapona kwanza. Uso ukiwa safi, kama bado unataka kwenda, utampigia mama yako simu mwenyewe, nami nitakupeleka. Na usiguse tena unga."

Nikatoka. Kwa hiyo bado niko ndani, ila sasa nimejiweka mwenyewe.

Ijumaa, 10 Aprili

Viazi. Mvua. Ngozi inabambuka.

Jumanne, 14 Aprili

Naamka kila siku nikitafuta hamu ya kubaki, kwa dhati, kama mtu anayetafuta ufunguo. Natazama chini ya kila kitu. Nimeikuta heshima. Nimewakuta Ann na Sista Kavindu, na nitawakumbuka. Hamu yenyewe sijaiona.

Jumamosi, 18 Aprili

Sista Kavindu alinipita kwenye ukumbi. "Bado?" "Bado, Sista." Akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Ijumaa, 24 Aprili

Ann amesema hakuna hata doa.

Jumapili, 26 Aprili

Sista Kavindu aliniacha peke yangu na simu ya ofisini, akafunga mlango nyuma yake. Mama alipokea upesi.

"Mwaitu, nataka kurudi nyumbani."

"Likizo?"

"Kukaa."

Nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni.

"Uso umeanza tena?"

"Hapana. Uso umepona kabisa."

"Umepona." Alilirudia neno kama anapima uzito wake. "Sasa Syokau, kama umepona, nitawaambia watu umerudi kwa nini?"

"Waambie nimetaka."

"Nitawaambia hivyo? Nisimame pale sokoni niseme umetaka?"

"Ndiyo, Mwaitu. Ni hivyo tu. Hakuna kingine."

Alianza kulia, nami nikaacha alie. Sikumwambia pole na sikusema nitafikiria tena, ingawa maneno yote mawili yalikuwa mdomoni. Kuni zikaacha kupasuliwa. Nilimsikia akimwambia mtu asubiri, kisha akapenga kamasi.

"Na hiyo ngano," alisema baadaye, sauti bado ina maji. "Ni kweli huli tena? Milele?"

"Sili."

"Chapati?"

"Hata chapati."

"Na ugali unakula?"

"Ugali nakula."

Akavuta pumzi ndefu, nikaisikia yote.

"Basi njoo," alisema.